He, she, him, her kwenye OB: nawasaidiaje walinzi wangu?

Msimamizi wa Usiku (Kileleshwa)

Hamjambo nyote. Ninasimamia walinzi wa zamu ya usiku katika majumba ya kupangisha hapa Kileleshwa. Kila tukio huandikwa kwenye OB, yaani Occurrence Book, daftari la matukio, pale getini, na OB yetu ni ya Kiingereza kwa sababu wakala wa nyumba na watu wa bima wanataka hivyo. Walinzi wangu ni watu makini. Saa, nambari ya gari, nambari ya nyumba, jina la mgeni, hayo hawakosei. Wanapoteleza ni kwenye vineno vidogo: he, she, him, her, they. Na vineno hivyo vinaumiza watu.

Juzi kuliandikwa hivi, nimenakili neno kwa neno:

"The lady of B4 came with his brother. The guard asked him for ID. He refused and he abused him. He called his husband and he came down and pushed him."

Kilichotokea ni hiki. Mlinzi alimwomba yule kaka kitambulisho, na kaka akaanza kutoa pochi. Dada wa B4 ndiye aliyekataa. Akamtukana mlinzi, akampigia mumewe simu, mume akashuka akamsukuma mlinzi. Ofisini waliposoma, wakaelewa kwamba mkorofi ni kaka, wakaandika barua asiruhusiwe tena kuingia. Kijana wa watu alisimama kimya muda wote! Mlinzi naye akaitwa kujieleza kana kwamba ametunga uongo, ilhali alichoandika ndicho alichokiona.

Nimewachapishia orodha za makosa ya viwakilishi kutoka kwenye intaneti. Nyingi zinaanza na who na whom, zinaenda kwenye "between you and I", na watu wangu wanachoka kabla ya kufika kwenye shida yao. Nina dakika chache tu jioni wakati wa kupokezana zamu. Baadhi yao waliishia darasa la nane, mmoja ana diploma, na wote wanakosea vilevile.

Naona pia hizi: "We patrolled with Otieno", "The two drivers abused themselves", "The visitor he left at 0200hrs". Sijui nianze na ipi. Mwenye ujuzi anisaidie tafadhali.

Kijana wa Roysambu

Mkubwa, njia ya mkato ipo. Waambie waandike they kila mahali. Siku hizi they inatumika hata kwa mtu mmoja, na Wazungu wenyewe wanaiandika hivyo. Hapo hakuna tena kuchanganya mwanamume na mwanamke.

Mama Ciku

Mimi nauliza, kwa nini OB isiandikwe Kiswahili? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtu amesukumwa saa tano usiku, bado anatetemeka, halafu anaambiwa aeleze kwa lugha ya darasani. Hiyo si haki.

Mwalimu wa Buruburu

Ndugu Msimamizi, nimefundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule za upili za Eastlands miaka mingi, na hata darasani kosa la he na she ndilo la mwisho kutoka. Mwanafunzi anaandika insha nzuri, msamiati mpana, hoja zimepangwa, kisha katika aya ya pili anamwita nyanya yake he. Ndiyo maana mwenye diploma na aliyeishia darasa la nane wanakutana hapo. Wala si uvivu. Waeleze chanzo kwanza, maana mtu mzima hutengeneza jambo upesi akijua linatoka wapi.

Kwa Kiswahili mtu anakaa ndani ya kitenzi. "Alikataa": ile a- inatosha. Haisemi mwanamume wala mwanamke, na hakuna anayeidai iseme. Kikuyu, Kikamba na Kiluhya ni hivyo hivyo, na Mjaluo akisema en, yaweza kuwa baba au mama. Kwa hiyo sentensi inapoundwa kichwani mwa mlinzi wako, jinsia haimo kabisa. Akishika kalamu, Kiingereza kinamdai kitu ambacho hakukibeba, naye anachukua he kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Kama una mlinzi anayezungumza Kisomali nyumbani, msikilize vizuri. Kisomali kina isaga kwa mwanamume na iyada kwa mwanamke, na hata kitenzi hubadilika. Mtu wa namna hiyo jinsia ameizoea tangu utotoni, na anaweza kuwasaidia wenzake kusahihisha.

Sasa "his brother" na "his husband". Hilo ni kosa jingine, usilifundishe pamoja na la kwanza. Kiswahili kikitaja mali kinaangalia kinachomilikiwa: gari lake, viatu vyake, nyumba yake. Kiingereza kinamwangalia mwenye mali. Mlinzi alipofika kwenye brother akaona ni mwanamume, akaandika his, akifuata upatanisho uleule unaomfanya aseme "lake" akifika kwenye gari. Husband ni mwanamume, basi his tena. Utaona pia "her wife" kwa njia hiyohiyo. Dawa yake ni swali moja la mdomo: wa nani? Kaka wa nani? Wa yule dada, basi her brother. Mume wa nani? Wa yule dada, her husband. Mke wa nani? Wa bwana wa A2, his wife. Wajibu kwa sauti kabla ya kuandika. Hili hushika upesi kuliko yote, nimeliona likishika.

Taarifa yako ningeiandika hivi:

"The lady of B4 came with her brother. The guard asked the brother for his ID. The lady refused and abused the guard. She called her husband. The husband came down and pushed the guard."

Tazama viwakilishi vilivyobaki. She ni nani? Mwanamke ni mmoja tu katika tukio zima. His ID ni ya nani? Ya aliyeombwa. Palipokuwa na wanaume watatu, yaani kaka, mume na mlinzi, nimerudia jina la kila mmoja. Hapo ndipo moyo wa jambo ulipo, Ndugu Msimamizi, na ndipo zile orodha zinapokuangusha. "The husband met the guard and he pushed him" haina kosa la sarufi hata moja. Mtahini angeipa alama zote. Lakini kwenye OB haifai, kwa sababu msomaji hawezi kujua nani kamsukuma nani. Wanaume wakiwa wawili, he imeshakuwa ya hatari hata ikiwa sahihi. Wafundishe walinzi wasiione aibu kurudia "the guard" mara nne katika mistari mitano. Shuleni tuliwaambia wanafunzi kurudiarudia neno kunachosha msomaji, na kwa insha ni kweli. Taarifa ya tukio ina kazi nyingine.

Mama Ciku, nakuunga mkono kwa moyo wote kuhusu Kiswahili. Hata hivyo, shida hii ingetufuata huko. "Akamtukana, akampigia simu, akaja, akamsukuma." Nani? Tunapozungumza tunaokolewa na macho, na kidole, na msikilizaji anayetukatiza kuuliza. Wakala anayesoma OB ofisini wiki mbili baadaye hana wa kumkatiza.

Kijana wa Roysambu, they ya mtu mmoja ni Kiingereza halali, wala si ya juzi. Imeandikwa tangu karne ya 14. "Someone left their phone at the gate" ni sentensi safi, na walinzi waitumie pale ambapo mwenye simu hajulikani. Lakini ukiiweka kila mahali umeleta giza jingine. "They ran towards Othaya Road." Je, alikimbia mmoja au walikimbia watatu? Polisi watatafuta kundi la watu, na aliyekimbia ni mmoja. Kama jinsia haikuonekana gizani, mlinzi aandike hivyo wazi: "One person ran. The guard did not see if it was a man or a woman." Hiyo ni taarifa ya thamani.

Nije kwa "We patrolled with Otieno". Hii ndiyo ningeiweka ya pili baada ya he na she, kwa sababu karibu kila mtu hapa Nairobi husema hivyo, hata wenye vyeo, na haisikiki kuwa na kosa. Kiswahili chasema "tulizunguka na Otieno", na watu ni wawili: mimi na Otieno. Ile tu- imeshamhesabu Otieno ndani yake. We ya Kiingereza haimhesabu anayekuja baada ya with. Mwingereza akisoma "we patrolled with Otieno" anaona sisi, angalau wawili, halafu Otieno juu yetu. Watatu. Fikiria kumeibwa gari usiku huo na mtu wa bima anauliza walinzi walikuwa wangapi. OB inasema watatu, orodha ya zamu inasema wawili. Tayari kuna anayetuhumiwa kutoroka kazini! Waandike "Otieno and I patrolled" ama "I patrolled with Otieno". Zote mbili ni sawa, na hesabu inatoka sawa.

"The two drivers abused themselves": hapa Kiswahili chenyewe ni mwalimu mzuri. Waulize: walijitukana ama walitukanana? Hakuna mlinzi atakayekosea. Ile -ji- ndiyo themselves, kila mtu alijitendea mwenyewe. Ile -na ya mwisho, kauli ya kutendana, ndiyo each other. "The two drivers abused each other." Walisalimiana, "they greeted each other". Alijikata mkono, "he cut himself". Wakishaona kwamba tofauti hii wanayo tayari, hawairudii tena.

Zinazobaki zisikutoe jasho. "The visitor he left" inatokana na kwamba mgeni kwa Kiswahili lazima apewe a- yake, "mgeni aliondoka". Ni hivyo pia kwa "the car which I saw it", ambapo mtu anatafuta pa kuweka ile -li- ya "nililoliona". Msomaji anaelewa bila tabu, na hakuna anayefukuzwa kazi kwa ajili yake. Futa lile neno la ziada kwa kalamu, songa mbele. Who na whom waachie. Hata London watu wengi husema who palipotakiwa whom. "Otieno and me went" wanaweza kuipima kwa kumwondoa Otieno: huwezi kusema "me went", basi ni I. "The tenant called Otieno and me" ukimwondoa Otieno inabaki "called me", basi ni me. Kipimo hicho pia kinawaponya wale wanaoandika "Otieno and myself" wakidhani ndiyo lugha ya heshima.

Kwa dakika zako chache za jioni, fanya hivi. Soma kwa sauti taarifa moja ya zamani, jina la mwandishi ukiwa umelifunika. Kila ukifika kwenye he, she, him ama they, wote waulize pamoja: "Nani?" Kama jibu ni moja bila mabishano, neno libaki. Wakianza kubishana, futa neno, andika mtu. Taarifa moja kwa jioni inatosha, usiongeze ya pili hata wakitaka. Na tafadhali usimtaje aliyekosea mbele ya wenzake. Mtu akiaibishwa kwa ajili ya Kiingereza ataanza kuandika mistari miwili mifupi ili asikosee, na hapo utapoteza ukweli wote wa usiku ule.

Mkalimani wa Korti

Namuunga mkono Mwalimu, na niongeze kutoka kazini kwetu. Mimi ni mkalimani mahakamani. Shahidi anaeleza kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na mimi niko katikati yao. Shahidi akisema "alikuja akanipiga, mwingine akamshika", siwezi kufungua kinywa kabla sijajua. He? She? Mwingine alimshika aliyepiga ama aliyepigwa? Hakimu mwenyewe husimamisha ushahidi akauliza: "Nani alimshika nani?" Shahidi hukasirika, anaona anafanywa mwongo, kumbe ni lugha ile ya pili ndiyo inayodai.

Ndiyo sababu katika rekodi za korti hamtaona he nyingi. Mtaona the accused, the complainant, mashahidi wa upande wa mashtaka wakiitwa PW1, PW2. Kila mtu ana jina lake la kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na halibadilishwi katikati. Hilo la kutobadilisha ni muhimu. Nimesoma OB nyingi zilizoletwa kama kielelezo, na mtu mmoja ameitwa the visitor mstari wa kwanza, the man mstari wa tatu, the suspect mstari wa tano. Wakili anasimama na kusema walikuwa watu watatu. Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, chagueni majina manne matano ya kudumu: the guard, the tenant, the visitor, the driver, the caretaker. Walinzi wakiwa wawili katika tukio, andikeni Guard Otieno na Guard Wafula. Msichoke kuyarudia.

Halafu maneno ya kutukana. Kama mtu alitukana kwa Kiswahili, yaandikwe kwa Kiswahili vilevile alivyosema, ndani ya alama za kunukuu. Hapo Mama Ciku atafurahi, na korti pia.

Mama Ciku

Nimefurahi kweli. Na kwa yule kaka wa B4 je? Barua yake imeondolewa?

Msimamizi wa Usiku (Kileleshwa)

Imeondolewa, Mama. Nilipeleka maelezo mapya yaliyotiwa sahihi na mlinzi mwenyewe, na sasa kaka anaingia kama wageni wengine. Ofisi haikuomba radhi. Mimi nilimwomba.

Mwalimu, jana jioni nimejaribu hilo la kuuliza "Nani?" Mlinzi wa Kisomali ndiye aliyekuwa mbele ya wote, kama ulivyosema. Walibishana mno kwenye "he called his husband" hadi wa zamu ya mchana wakachelewa kutoka, lakini waliifuta wenyewe bila mimi kusema neno. Mkalimani, orodha ya majina ya kudumu nimeibandika ndani ya jalada la OB.

Limebaki moja. Hapa tuna mbwa wa wapangaji, na wiki hii mmoja alimng'ata kijana wa boda aliyeleta chakula. Imeandikwa: "The dog of C2 met the rider at the stairs and he bit him." Walinzi wameuliza "Nani?" wakashindwa kukubaliana kama mbwa anaitwa he. Mmoja anasema mbwa huyo ni jike, kwa hiyo ni she.

Mwalimu wa Buruburu

Hapo Kiswahili kinawavuta tena. Mbwa yuko katika ngeli ya A-WA pamoja na watu, "mbwa alimng'ata", kwa hiyo kumpa he kunaonekana ni kumtendea haki. Kiingereza kwa kawaida humpa mnyama it. Mwenye mbwa anayempenda atasema he ama she, na hakosei akiwa nyumbani kwake. Kwenye OB andikeni it hata kama mnajua ni jike, na mtaona faida yake mara moja: it haiwezi kuwa yule kijana wa boda. Katika sentensi hiyo ndicho kiwakilishi kisichohitaji kuulizwa "Nani?"

Mtoto mchanga msimwite it, wazazi wataumia. Kama hamjui ni wa kike au wa kiume, andikeni the baby kila mara.

"The dog of C2 met the rider at the stairs and it bit him on the leg." Kama mwendesha boda ni mwanamke, "it bit her". Andikeni ni mguu upi, na kama mbwa alikuwa na kamba ama hakuwa nayo, na kamba hiyo ilishikwa na nani. Hilo la kamba wakala atalitaka, na mwenye C2 atalipinga, kwa hiyo aliyeishika aandikwe kwa jina.